Kodi ya hitilafu ya gari P0135: chomoa soketi kabla ya kununua sensa

Wiki iliyopita niliingiziwa Probox kutoka Mambrui, taa ya injini haizimi. Mwenyewe kashanunua sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, mara mbili, na pesa ya gari la kazi inauma. Mashine ya kusoma hitilafu ikatoa P0135.

Kodi hiyo inahusu saketi ya hita ya sensa ya kwanza, ile iliyo kabla ya katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi. Haisemi sensa imekufa. Sensa haisomi vizuri mpaka ifike nyuzi joto 300 hivi, ndiyo maana ikawekewa hita ndani.

Acha ekzosi ipoe, kisha chomoa soketi ya waya za sensa umulike pini kwa tochi. Sisi wa Malindi tunaijua chumvi ya bahari, mabati yetu yote yanaisimulia. Kwenye ile Probox pini moja ilikuwa ya kijani, imeliwa ikabaki nyembamba kama sindano. Nilipoigusa ikamwaga unga. Na ilikuwa upande wa waya za gari. Sensa mpya huja na soketi yake, kwa hiyo hata angefunga kumi, ugonjwa ungebaki palepale. Nilifunga soketi nyingine, nikafuta kodi, na taa haijawaka tena.

Pini zikiwa safi, tazama fyuzi. Halafu washa injini, shika mita ya umeme, weka ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye waya za hita upande wa gari: mmojawapo uwe na volti 12 au zaidi kidogo. Zima, upime hita yenyewe. Kwenye sensa ya waya nne, waya zake mara nyingi ni zile mbili za rangi moja, na nyingi husoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 5 na 20. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Hapo kanunue.

Kodi P0171 ni habari nyingine: hewa imezidi petroli. Usiiguse sensa kwanza. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka, au ekzosi inayovuja mbele ya sensa, maana hewa ya nje ikiingia hapo sensa inadanganyika.

Sensa nyingi za kukazwa kama skrubu zinataka spana 22. Ncha yake usiitie mafuta wala silikoni, utaiua kabla gari halijafika Gede, hapo jirani tu.