Fomu kumi na nne mezani: uanze na kasoro ipi?

Jumatatu moja ya masika nilifika kiwandani kwetu Njiro, Arusha, nikakuta fomu kumi na nne za kasoro mezani. Tunatengeneza unga wa sembe na unga wa lishe ya watoto. Simu ya kwanza ilitoka kwa watu wa mauzo: mifuko ya kilo 1 imechapwa rangi iliyofifia, mteja amekasirika, nianze na hiyo. Chini kabisa ya rundo dada wa stoo alikuwa ameandika kwa kalamu: roli la mahindi ya Kiteto, unyevu 15.2, limepokelewa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nikaliacha suala la rangi.

Kabla ya kupanga chochote, zuia mzigo. Zungushia kamba, bandika karatasi ya ZUIA, hesabu magunia, uandike namba ya bechi. Mzigo uliozuiwa unakupa muda wa kufikiri. Usiozuiwa utasagwa wakati nyinyi mko kikaoni.

Kisha jiulize: anayekula atadhurika vipi? Mzigo uko wapi sasa hivi? Na je, mbele kuna hatua itakayoikamata kasoro hii? Kipande cha waya kikionekana kabla ya sumaku na chekecheo, bado una kinga. Kikionekana ndani ya pakiti iliyofungwa, kinga zote zimeshapitwa, na hapo unafuatilia mpaka dukani.

Viwanda vingi hutoa alama 1 hadi 10 kwa madhara, kwa uwezekano wa kutokea na kwa ugumu wa kugundua, kisha huzidisha. Niliwahi kufanya hivyo na nikajikwaa. Kasoro ya kuua, nadra, rahisi kuonekana: 10 × 1 × 2 ni 20. Rangi iliyofifia: 2 × 8 × 4 ni 64. Hesabu inakutuma kwenye rangi! Siku hizi madhara nayasoma peke yake kwanza. Yakifika 9 au 10, fomu inapanda juu hata jibu la kuzidisha likiwa dogo.

Ndiyo maana mahindi yale yalitangulia. Mahindi yenye unyevu mwingi huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu ambayo moto wa sufuria hauiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Kiteto iko Manyara. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1, iliyo kali kuliko zote. Sumu hii haikai sawasawa ndani ya gunia: konzi moja ni safi, ya pili imejaa. Chota magunia mengi, juu, kati na chini, changanya, ndipo upime.

Ya pili siku ile ilikuwa pakiti za unga wa lishe wenye karanga zilizovishwa lebo ya unga wa ulezi mtupu. Mtazamaji wa haraka ataiona kosa la karatasi. Mama mwenye mtoto anayedhurika na karanga hana njia nyingine ya kujua.

Ndogo zilizobaki zikusanye kwa chanzo, uzishughulikie pamoja. Lakini ndogo ikijirudia mara tatu ndani ya mwezi, kwangu inapanda daraja, maana mashine au mtu anakwambia jambo. Na kila daraja uliandikie sababu, sentensi moja tu, siku ileile. Mkaguzi wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, akija atauliza kwa nini hii ilisubiri, na kumbukumbu ya kichwani haimtoshi.

Majibu ya maabara yalirudi Alhamisi: mikrogramu 23. Roli zima halikusagwa. Fomu ya rangi niliifungua Ijumaa asubuhi.