Mazoezi ya watoto wanene: mwenye ulemavu acheze, asikae kuhesabu magoli

Nyie mnaoandaa programu za kuzuia watoto wasinenepe kupita kiasi, kuanzia Mtwara mjini, Masasi mpaka Lindi, mtoto mwenye ulemavu msimpe filimbi akae chini ya mkorosho. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 linasema watoto wa miaka 5 mpaka 17, wenye ulemavu wakiwemo, wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayochemsha mwili.

Kabla hamjaanza nendeni nyumbani mkaongee na mzazi na mtoto mwenyewe, anapenda nini, anatumia dawa gani, maana dawa kama valproeti ya kifafa inaweza kuongeza uzito (asiache dawa lakini, aongee na daktari). Mwenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji) apimwe thairoidi, tezi inayoongoza mwili unavyotumia chakula, na asibinuke kichwa chini mpaka daktari aseme shingo iko salama. Asiyeweza kusimama kwenye mizani, mama ampakate wapimwe wote, halafu toa uzito wa mama.

Michezo sasa. Asiyeona mtengenezee mpira wa matambara wenye njuga ndani, muuviringishe chini, na wote wafungwe vitambaa machoni hata wanaoona, ndo goliboli ilivyo, ilianzishwa 1946 kwa askari waliopofuka vitani. Kiziwi hasikii filimbi, pungeni bendera. Wa kiti mwendo msimpeleke kwenye mchanga mlaini magurudumu yakazama, tafuteni uwanja mgumu, rede anacheza vizuri tu mkipunguza ukubwa wa uwanja.

Ila kinachoniuma zaidi ni msosi wa huruma. Shangazi akipita soda, jirani akipita biskuti, eti maskini hachezi na wenzie, siku nzima mtoto anakula sukari na amekaa, halafu tunashangaa ananenepa! Ongeeni na ukoo mzima sio mama peke yake, waambieni upendo wauonyeshe kwa kumtoa nje, na wakitaka kumpa kitu wampe embe au muhogo wa kuchemsha. Mwenye usonji (autism) anayekula vitu viwili vitatu tu msimlazimishe jamani, mumwekee kidogo pembeni ya anachokipenda, siku nyingi, atazoea polepole.

Na nauli ya bajaji iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na choo ambacho kiti mwendo kinaingia, la sivyo atakuja siku ya uzinduzi tu kupigwa picha.