Mwanza hadi vijiji vya Kamachumu kwa pikipiki ya kawaida: hatua kwa hatua

Swali la kwanza huwa lilelile: cc 125 itapanda? Itapanda. Pikipiki za aina hiyo zinapanda Kamachumu kila siku zikiwa na mikungu ya ndizi nyuma na abiria juu ya mikungu. Kinachowaangusha wageni ni kuteremka, na chanzo chake karibu kila mara ni breki ya nyuma iliyoharibiwa na mwenye pikipiki mwenyewe alipokaza cheni. Ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu kuliko nyingine zote. Ukiwa na haraka, ruka nyingine, hiyo isome.

Njia inayozungumziwa hapa ni Mwanza, Sengerema, Geita, Chato, Muleba, kisha kupanda vilima vya Nshamba, Rubya na Kamachumu, wilayani Muleba mkoani Kagera, na kushukia Muhutwe. Ni zaidi ya kilomita 300 kabla hujaanza kupanda. Itenge siku mbili kwenda. Anayejisifu kuimaliza kwa siku moja alifika usiku na hakuona kitu.

Hatua ya 1: Majira

Juni hadi Agosti. Januari na Februari pia inawezekana. Ukanda wa Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, takribani mara mbili ya Mwanza, kwa hiyo usitazame anga la Capri Point ukadhani umejua hali ya Kamachumu.

Hatua ya 2: Oili, tairi, spoketi

Oili ibadilishwe kabla ya safari. Nunua ya pikipiki, kopo liwe na maandishi JASO MA au MA2, na unene ule uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea katika oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari madogo zimewekewa dawa za kupunguza msuguano. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Mlimani klachi inaanza kuteleza: injini inalia, pikipiki haiendi. Kuna mafundi watakuambia oili ni oili. Wasikilize kwa heshima, kisha ununue yenye JASO MA.

Tairi ya nyuma iwe na meno. Kipara kinavumilika kwenye lami ya Kenyatta Road, lakini kwenye udongo mwekundu uliolowa hakishiki kabisa. Upepo kwa mtu mmoja: mbele psi 25, nyuma 28 hadi 30, na ukibeba abiria ongeza nyuma hadi 32 hivi. Usiamini kidole wala teke. Nunua geji ndogo ya mkono.

Spoketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, ni hiari, ila mimi ningeibadilisha. Hesabu meno ya ile ndogo ya mbele, kisha weka yenye jino moja pungufu. Kama ni 14, ukiweka 13 unapata uvutaji wa karibu asilimia 8 zaidi katika kila gia. Utapoteza mwendo kiasi hicho hicho kwenye lami, na kwa njia hii si hasara. Usiguse ile kubwa ya nyuma: ni ghali, na mara nyingi itakulazimisha kurefusha cheni.

Hatua ya 3: Cheni na breki ya nyuma

Fanya kazi hii jioni ya kuamkia safari, nyumbani, penye mwanga. Usiifanye asubuhi kituo cha mafuta huku wenzako wanapiga honi.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka fri. Zungusha gurudumu la nyuma polepole huku ukigusa cheni ya chini katikati, utafute pale inapokaza zaidi. Cheni iliyotumika haivutiki sawa kila mahali. Pima pale palipokaza, kwa rula: mchezo wa juu na chini uwe milimita 25 hadi 30. Ukipima palipolegea halafu ukakaza, pale palipokaza patakuwa kama waya wa gitaa, na utakula beringi.

Mpaka hapo hujapakia mzigo. Ukikaa wewe, begi na abiria, shokapu zinabonyea na cheni inajikaza zaidi. Kwa safari yenye mzigo, bora ielekee milimita 30 kuliko 25. Cheni iliyolegea kidogo inapiga kelele tu, lakini iliyokaza inakatika.

Sasa legeza nati ya ekseli, na pia nati ya ule mkono unaoizuia sahani ya breki isizunguke. Wengi huisahau hii ya pili, halafu wanashangaa gurudumu halirudi nyuma sawasawa. Kaza virekebishio vya cheni robo mzunguko kushoto, robo kulia, ukilinganisha alama za pande zote mbili. Alama za pikipiki za bei nafuu haziaminiki sana, kwa hiyo chuchumaa nyuma pia uone kama cheni imenyooka juu ya spoketi.

Hapa ndipo penye tatizo. Ulipokaza cheni, gurudumu limerudi nyuma, na ngoma ya breki imerudi nalo. Kanyagio halijasogea. Fito inayounganisha kanyagio na mkono wa breki imevutika, maana yake breki imeanza kushika kidogo bila wewe kukanyaga. Milimita chache tu zinatosha. Mjini hutajua. Ukishafika Sengerema, breki shuu (vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani) zimekuwa zikisugua ngoma muda wote huo, zimepata moto, uso wake umekuwa mgumu na wa kung'aa. Ukija kuteremka kutoka Kamachumu unakanyaga, kanyagio linakwenda, pikipiki haisimami.

Kabla ya hapo kuna dalili, ila karibu kila mtu huisoma vibaya: pikipiki inakuwa nzito. Haifiki mwendo wake wa kawaida, inakunywa mafuta, inataka gia ndogo pasipo mlima. Mtu anasimama kando ya njia anasafisha plagi. Haiponi. Anafungua kabureta. Haiponi. Analaumu mafuta ya kituo alichojaza mwisho. Saa tatu zinakwenda hivyo, na dawa yenyewe ni nati moja inayozungushwa kwa vidole. Pikipiki ikiwa nzito baada ya kukaza cheni, usiguse kabureta. Sogeza kiganja karibu na ngoma ya nyuma bila kuigusa. Ukihisi joto kali wakati hujatumia breki, umepata jibu.

Ili usifike huko, malizia kazi kwa mpangilio huu:

1. Kabla ya kukaza nati ya ekseli mwisho kabisa, mtu akanyage breki kwa nguvu na aendelee kushikilia. Wewe kaza ekseli hapo hapo, kisha nati ya ule mkono unaozuia sahani. Kukanyaga kunaziweka breki shuu katikati ya ngoma. Ukiruka hili, upande mmoja utasugua hata kama umelegeza kila kitu.

2. Nenda kwenye nati iliyo mwisho wa fito ya breki. Irekebishe mpaka kanyagio liwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla breki haijashika. Nati hiyo ina kishimo kinachokaa juu ya pini ya mviringo. Hakikisha kimekaa, la sivyo itajikalisha yenyewe njiani na mchezo utaongezeka ghafla.

3. Zungusha gurudumu kwa mkono kwa nguvu. Liende mizunguko miwili au zaidi bila sauti ya kusugua. Kama linasugua sehemu moja tu ya mzunguko, ngoma si duara tena au kuna vumbi ndani, fungua.

4. Kanyaga breki kwa nguvu na utazame pembe kati ya fito na mkono wa breki. Ikizidi nyuzi 90, breki shuu zimeisha, hata kama bado zinashika. Kwenye sahani nyingi kuna mshale na alama. Mshale ukivuka alama, badilisha. Usimkubalie fundi anayeng'oa mkono na kuurudisha jino moja nyuma ili "upate breki". Anaficha ugonjwa.

5. Washa swichi, kanyaga, tazama taa ya breki. Swichi yake nayo huvurugika ukirekebisha kanyagio.

6. Rudisha pini ya kuzuia nati ya ule mkono unaozuia sahani. Ikiwa imekatika, weka mpya.

Ukikaza tena cheni njiani, rudia namba 1 hadi 3. Zote.

Wenye diski mbele wana nafuu, mradi pedi zina nyama na kikombe cha mafuta ya breki hakijashuka. Diski ya mbele haiondoi haja ya ngoma ya nyuma kwenye changarawe, kwa sababu huko breki ya mbele ndiyo inayokulaza chini.

Hatua ya 4: Vifaa na mzigo

Tyubu ya akiba (soma ukubwa ubavuni mwa tairi, kama magurudumu yote ni ya 17, tyubu moja ya 2.75/3.00-17 inatosha kote), viraka na gundi, pampu ya mkono, vyuma viwili vya kutolea tairi, waya wa klachi, plagi, klipi ya cheni, na spana ya nati ya ekseli uliyoijaribu nyumbani. Klipi ya cheni ikifungwa, upande uliozibwa utazame kule cheni inakoelekea ikizunguka.

Mzigo ufungwe kwa mipira ya tyubu kuukuu. Ile ya kulabu za dukani inarukaruka, na kulabu ikikosea inaingia kwenye spoku. Mwisho wa kila mpira uchomekwe ndani, usining'inie upande wa cheni.

Hatua ya 5: Lami

Toka Mwanza mapema, kabla magari ya Buhongwa hayajajaa. Kuanzia tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi liko wazi, kilomita 3 na ushee juu ya Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo foleni ya kivuko si hoja tena. Darajani upepo wa ziwa unapiga ubavuni: legeza mikono, punguza mwendo, usisimame kupiga picha. Kisha Geita, Katoro, Buseresere, Chato, Muganza hadi Kyamyorwa, halafu kaskazini kwenda Muleba. Katoro nenda taratibu, watu ni wengi barabarani. Jioni karibu na ziwa funga kioo cha helmeti. Wadudu wa ziwani wakiwa kundi wanaziba macho. Futa kioo kwa kitambaa chenye maji, kikavu kinawapaka tu.

Lala Muleba, na ujaze tangi hapo.

Hatua ya 6: Kupanda

Ingia gia ya pili kabla mlima haujaanza. Ukibadilisha katikati utapoteza mwendo, na ukianza kuchezea klachi ili injini isizime utaiunguza. Ukisikia harufu yake, simama, acha ipoe. Abiria ashuke penye matope. Hiyo ni kawaida ya huko, haimvunjii mtu heshima.

Penye utelezi punguza upepo psi 4 au 5, lakini usishuke chini ya 20: tairi itazunguka juu ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Pampu iko begini, rudisha upepo ukifika pakavu.

Kijiweni usiwaulize bodaboda "barabara ni nzuri?" Watasema nzuri, kwa sababu wao wanapita. Uliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na kama gari ndogo zimepita leo.

Hatua ya 7: Kuteremka

Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Injini iwake, klachi iachwe. Tabia ya kuzima injini na kuweka fri ili kuokoa mafuta inaikabidhi ngoma kazi yote. Nayo ya kuzima swichi huku gia imeshika haiokoi kitu: kabureta inaendelea kutoa petroli, inajaa kwenye ekzosi, na ukiwasha inalipuka. Shika breki kwa vipindi, achia, shika. Kanyagio likianza kuwa refu, simama robo saa. Usimwagie ngoma maji, chuma cha moto kikipoozwa ghafla kinapasuka au kupinda. Ukivuka maji, kanyaga kidogo huku unaendesha polepole mpaka breki zikauke.

Hatua ya 8: Vijijini

Vijia vingi kati ya migomba ni njia za kwenye kibanja (shamba la nyumbani) cha mtu. Zima injini, shuka, toa shikamoo, omba kupita. Kahawa iliyoanikwa uani au pembezoni mwa njia haikanyagwi na tairi wala kiatu. Ukikaribishwa rubisi, pombe ya ndizi, pokea ukiwa umeshapata pa kulala na pikipiki imefungwa. Ndolage na Rubya zina hospitali. Zitie kwenye ramani ya simu kabla mtandao haujapotea. Asubuhi huko juu kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Mwanza haitegemei, beba jaketi la kweli.

Hatua ya 9: Kurudi

Shukia Muhutwe. Usiyetaka kurudia lami, uliza ofisi ya bandari Mwanza kabla hujaondoka kama kuna meli siku hizo. Gati ziko Bukoba na Kemondo. Pikipiki inapakiwa kama mzigo, na mafuta yabaki kidogo tangini. Ifunge mwenyewe kwa kamba pande mbili, gia ya kwanza ikiwa imeshika, usiiachie stendi ya pembeni.

Nyumbani fungua ngoma ya nyuma. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, usilipulize kwa mdomo. Breki shuu zinazong'aa zipige msasa hadi uso uwe mkavu usiong'aa, na zilizobaki milimita 2 badilisha. Anayeosha kwa pampu ya maji ya nguvu asielekeze kwenye beringi za magurudumu.