Namna ya Kumwelewa Kuku Mgeni Aliyeingia Uani Kwako

Kuku asiyejulikana anapoingia uani, jambo la kwanza ni kuwazuia watoto wasimkimbize. Kuku aliyekimbizwa huonyesha hofu tu, na hofu haisemi lolote kuhusu alikotoka wala anachotafuta. Aliyeachwa atulie kwa siku mbili au tatu huonyesha karibu kila kitu, mradi uwe na subira ya kumtazama asubuhi anapofika, mchana jua linapokuwa kali, na jioni anapotafuta pa kulala.

Naanza na jioni kwa sababu ndiyo inayofichua habari za mwenye kuku. Kuku hurudi kulala pale alipozoea, na kwa kuwa haoni vizuri gizani, hulazimika kuondoka kabla jua halijazama kabisa. Akishika njia moja kila jioni, mfuate kwa mbali nawe utafika kwao. Akipanda mlimao au mwembe wako bila kusita, huenda amelelewa bila banda na amezoea kulala mitini. Lakini akizungukazunguka chini huku akilia, mara aelekee ukutani, mara arudi, yaelekea ni kuku aliyehamishwa karibuni na bado hajajua pa kulala. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapo methali inafaa kuchukuliwa kama ilivyo: mtu akinunua kuku gulioni humfunga mguu kwa siku kadhaa mpaka azoee nyumba mpya. Mtazame miguu. Ukiona kipande cha kamba, au mahali magamba yamechubuka kuzunguka mguu, basi kuna mtu jirani ambaye kuku wake amechomoka na huenda bado anamtafuta.

Asubuhi ndiyo yenye mambo mengi zaidi. Mwaka juzi hapa kwetu Muheza, kuku mwekundu kishingo, yaani asiye na manyoya shingoni, alianza kupenya kwenye ua wa michongoma kila siku, na hakuja kula, kwani pumba niliyoimwaga aliipita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kichaka cha mchaichai nyuma ya jiko, akasimama, akageuza kichwa kutazama kila upande, kisha akaingia kinyumenyume kama mtu anayefunga mlango. Baada ya nusu saa hivi alitoka upande mwingine, akatembea hatua nyingi kimya, ndipo akaanza kutetea kwa sauti ya kujaza mtaa mzima. Huyo alikuwa ametaga. Kuku anayetaga hutafuta mahali penye kivuli, pakavu na pa kujificha, na sauti yake mara nyingi husikika akiwa ameshaondoka kiotani, kwa hiyo anayetafuta mayai pale kuku anapopiga kelele hupoteza muda wake. Tazama alikoingia, usitazame anakolia.

Ukikuta kiota, usiyaondoe mayai yote, maana kuku akikuta kiota kitupu huhama na kwenda kutaga usikokujua. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na kuendelea kabla hajaanza kuatamia, na mabadiliko hayo huonekana wazi: anakuja uani mara moja tu kwa siku, amevimbisha manyoya, anatoa mlio mfupi wa ko, ko, ko, anakula na kunywa kwa haraka na kurudi mafichoni. Alama ambayo haijawahi kunidanganya ni kinyesi. Kuku anayeatamia hujizuia asichafue mayai, kwa hiyo akitoka huacha tonge moja kubwa lenye harufu kali kuliko kinyesi cha kawaida. Ukiliona uani, hesabu kwamba kuna mayai yanayoatamiwa karibu, na kwamba vifaranga hutoka siku ya 21 tangu alipoanza kuyalalia mfululizo.

Mchana, tofautisha afya na ugonjwa. Kuku akilala ubavu mchangani, akijirushia vumbi na kufumba macho nusu, watu hudhani anakufa, ilhali anaoga vumbi ili kupunguza chawa na utitiri, na kuku haogi hivyo mahali asipopaamini. Kuhema kwa mdomo wazi huku akiachanisha mabawa wakati wa jua kali nako ni kawaida. La kutia wasiwasi ni kuku anayejikunyata hata wakati wa joto, manyoya yamesimama, anaharisha kijani, anahema kwa shida au shingo imepinda, kwa maana hizo ni dalili za kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa mtaa mzima. Kama una kuku wako, usimchanganye nao mgeni hata akionekana mzima; mtenge kwa wiki mbili au tatu, mpe chombo chake cha maji, nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo, na hakikisha kuku wako wana chanjo ya kideri, ambayo kwa ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Mwenyewe ni lazima atafutwe, na hapa sioni nafasi ya kusitasita, kwani kuku mmoja anayetaga ni ada ya daftari na sabuni ya nyumba ya mtu. Uliza majirani, kisha mjulishe balozi wa nyumba kumi, lakini usitaje alama zote za kuku. Mwenyewe azitaje yeye, kama ni kitambaa bawani au kidole kilichokatwa. Yule kishingo alikuwa wa mama mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekwisha kata tamaa kwamba ameliwa na kicheche. Kuku alikuwa ameanza kuatamia mayai 11, kwa hiyo hatukumgusa mchana. Tulisubiri giza liingie, mama akaandaa kapu lenye majani makavu mahali penye utulivu, tukayahamisha mayai yangali na joto, kisha kuku mwenyewe akashikwa taratibu kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa, akawekwa juu yake na kufunikwa kwa tenga. Kulipokucha alikuwa bado ameyakalia.