Ardhi ikifunika reli: jinsi ya kuirekebisha bila kupoteza njia yako

Umejenga njia yako ya reli kwenye mchezo wa kompyuta wiki kadhaa, unaijaribu, na ghafla treni inazama kwenye kilima ambacho jana hakikuwepo. Usiguse udongo kwanza. Maelezo haya ni ya njia za Open Rails, programu ya kuigiza uendeshaji wa treni, zinazotumia muundo wa faili wa mchezo wa zamani wa Microsoft Train Simulator.

Hatua ya 1: Nakala kabla ya yote. Hifadhi, funga kabisa kihariri (programu unayojengea njia), kisha nakili folda ya njia nzima. Ipe jina linaloeleza, mfano "2025-03-14_kabla_ya_handaki".

Nasisitiza nzima kwa sababu niliwahi kuumia. Nilirudisha folda ya WORLD peke yake kutoka nakala ya siku tatu nyuma, nikaiacha faili ya .tdb ilivyo. Vitu vilivyowekwa juu ya ardhi vinasomwa kutoka WORLD, lakini mtandao wa reli wenyewe umeandikwa kwenye .tdb. Zikiwa za siku tofauti hazielewani: reli unaziona kwa macho, treni haizitambui. Kazi ya wiki mbili ilikwenda hivyo.

Hatua ya 2: Tafuta kigae. Ardhi imegawanywa katika vigae vya mita 2048 kwa 2048. Andika namba za kigae chenye kasoro. Utazikuta pia kwenye majina ya faili za WORLD.

Hatua ya 3: Tambua kasoro. Uso wa ardhi huchorwa kwa nukta, kila moja na kimo chake; mwiba mmoja uliochomoza ni nukta moja yenye kimo kibaya. Isawazishe na jirani zake, umemaliza. Ukuta au ufa ulionyooka kabisa upo mpakani mwa vigae viwili, kwa hiyo kagua pande zote mbili. Kigae kina nukta 256 kila upande, na ukingo wake wa mwisho hutegemea vimo vya kigae jirani. Kigae kizima kikiwa kimevurugika, nenda folda ya TILES utazame faili yake inayoishia na _y.raw. Lazima iwe baiti 131,072 kamili: nukta 256 kwa 256, baiti mbili kila moja. Ikipungua, imeharibika. Usihangaike kuichonga upya, irudishe kutoka kwenye nakala.

Hatua ya 4: Ardhi juu ya reli. Hii ndiyo inayosumbua wengi, hasa reli inapopita kwenye mkato wa kilima. Nukta za ardhi zimeachana mita 8, na tuta la reli ni jembamba kuliko hapo. Unaweza kushusha nukta ya kushoto, ile ya kulia ikabaki juu, na uso wa ardhi kati yao ukakatiza juu ya reli. Basi shusha nukta za pande zote mbili, chini kidogo ya kokoto, ndipo uanze kupandisha kingo. Usikaze brashi ya kihariri inayochonga ardhi, pita mara nyingi kwa nguvu ndogo.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha nakili tena. Endesha treni polepole kwenda na kurudi, ukitazama kutoka nje. Ukiridhika, tengeneza nakala mpya kwenye diski nyingine, bila kuifuta ya zamani. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda ya njia na wa nakala hiyo mpya. Zikitofautiana, nakili upya kabla hujafungua kihariri.