Anza na penseli

Mnaosomesha watoto nyumbani, msianze kuwafundisha tabia njema kumi kwa mpigo. Chagua moja, uiambatanishe na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku. Kwetu ilikuwa penseli: daftari likifungwa, penseli zinarudi kwenye kopo kabla mtu hajainuka. Siku za mwanzo nilikuwa nasimama mlangoni, sisemi kitu, nalitazama kopo tu. Mtoto akisahau, namwita aanze upya: akae, afunge daftari, arudishe penseli, ndipo atoke. Kumfokea hakuufundishi mkono wake chochote. Wala usimrudishie wewe, hata ukiwa na haraka (na haraka ndiyo hutuponza wengi). Ukiona anarudisha bila kukutupia jicho, ongeza tabia ya pili.