Kabati la vipande la makoti na viatu: anza na kina

Wengi wakienda kununua kabati la vipande, yaani la maboksi, rafu na droo za kuunganisha na kuongeza, huanza na rangi ya mlango, kipimo wakakikumbuka gari likishafika na mzigo. Anza na kina, yaani toka ukutani hadi usoni mwa kabati. Rafu utaihamisha, droo utaiongeza, mlango utaubadilisha, lakini boksi la kina cha sentimita 35 litabaki la sentimita 35.

Henga ya mtu mzima ina upana wa sentimita 42 hadi 45. Ongeza unene wa mabega na nafasi ya mlango kufunga bila kubana mikono ya koti, unafika sentimita 55 hadi 60. Viatu havitaki kina hicho: namba 42 au 43 inatosha kwenye rafu ya sentimita 30 hadi 33. Ukiviweka kwenye boksi la sentimita 60 utapanga safu mbili, na ile ya nyuma haitavaliwa tena. Ndiyo maana maboksi mawili yenye kina tofauti, yakisimama pamoja, hufaa kuliko boksi moja kubwa.

Sasa pima korido. Yenye upana wa sentimita 120 ukiiwekea kabati la sentimita 60, unabakiwa na njia ya sentimita 60. Mtu mwenye mfuko wa sokoni atapita ubavu. Boksi la sentimita 35 linakuachia 85, nayo ni njia ya kawaida. Ndani ya boksi hilo jembamba henga haiingii kwa upana, hivyo tafuta bomba fupi la kuvuta linalotazama mbele, ambalo hubeba makoti manne au matano tu, au funga kulabu, moja kila sentimita 15 hadi 20. Kwa familia yenye majaketi mengi ya bodaboda, kulabu ni bora. Jaketi la mvua likitundikwa wazi hukauka. Likisongwa kati ya mengine hunuka.

Kwenye bomba la kawaida, hesabu sentimita 5 hadi 7 kwa jaketi jepesi na 10 kwa koti zito. Bomba la sentimita 80, basi, ni makoti manane mazito. Likizidi mita moja liwe na mshikizo katikati, la sivyo litapinda, kwani koti zito lililolowa hufika kilo mbili au tatu. Kama mtatundika kanzu na mabuibui hapo hapo, bomba likae si chini ya sentimita 165 toka sakafu ya kabati. Majaketi mafupi yanaridhika na nafasi ya 100 toka bomba kwenda chini, na chini yake ukapata rafu mbili za viatu bure.

Viatu vihesabiwe kwa jozi zinazovaliwa wiki hii. Vya harusi vina mahali pake chumbani. Jozi ya mwanamume inakula sentimita 22 hadi 25 za upana, ya mwanamke 18 hadi 20, ya mtoto kama 15. Rafu ya sentimita 75 inabeba jozi tatu za kiume au nne za kike. Kati ya rafu na rafu acha sentimita 16 hadi 18. Gambuti zinataka 40.

Halafu jaribu kama mfumo ni wa vipande kweli au ni jina tu. Chukua rula, pima matundu ya ubavuni kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi ni milimita 32, na tundu lenyewe milimita 5. Ukikikuta, bawaba, reli na vishikizo vya rafu vya watengenezaji wengine vina nafasi nzuri ya kuingia. Usipokikuta, siku duka likiacha kuleta modeli hiyo umebaki na kabati lisiloongezeka. Hata fundi seremala wa mtaani anaweza kukutobolea hivyo. Mwambie mstari wa mbele wa matundu ukae milimita 37 toka ukingo wa mbele.

Kuhusu mbao: chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ya milimita 16 au 18 inafaa, mradi rafu isizidi sentimita 80 bila mhimili. Adui wake ni maji ya kudeki. Yanapanda kwenye ukingo wa chini usiozibwa, chembe zinavimba, na skrubu zinakosa cha kushika. Dai miguu ya sentimita 10 na ukingo uliobandikwa utepe pande zote nne, hata ule usioonekana. Kiini cha kijani ndani ya ubao si ushahidi kuwa unahimili unyevu, ni rangi tu. Muulize muuzaji daraja lake la kuhimili unyevu. Mombasa, Tanga au Zanzibar, usichukue mlango uliozibwa kabisa kwa viatu vya ngozi. Ukungu huvianza ndani ya wiki chache za masika. Chukua mlango wa mianya, au toboa mgongo wa kabati juu na chini ili hewa izunguke. Mpangaji anayehama kila mwaka akumbuke kwamba vifungio vya kuzungusha, vile vya kukaza kwa bisibisi vinavyoshika mbao pamoja, hulegea kwenye chipubodi kila kabati linapobomolewa. Fremu ya chuma itamdumu zaidi.

Kabla ya kulipa, pima dari. Kabati la kimo cha sentimita 236 na kina cha 58, likiunganishwa limelala, linahitaji karibu sentimita 243 ili lisimame, kwa sababu likiinuliwa, urefu wake wa pembe hadi pembe unazidi kimo. Chini ya dari ya 240 litakwama njiani. Liunganishe likiwa limesimama, au chukua fupi zaidi.

Wakati wa kuunganisha, usipigilie ubao wa mgongo kabla ya kupima toka pembe hadi pembe ya mkabala, kwa mishazari yote miwili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 3, milango haitakaa sawa hata ukizungusha bawaba mchana kutwa. Kisha lifunge ukutani, hasa kwenye nyumba yenye watoto, maana droo iliyovutwa ni ngazi kwao. Tumia plagi ya plastiki ya ukutani ya milimita 8 na skrubu ya unene wa milimita 5 na urefu wa 60, nayo ivuke lipu iingie kwenye tofali. Skrubu ya 30 huishia ndani ya lipu, na kabati likivutwa litang'oka nayo.